Sotoka: Adui wa Ng'ombe Aliyeshindwa
Haya ni maneno ya hotuba juu ya kazi ya Bwana Walter Plowright, daktari wa mifugo, kwa wakazi wa mjini na wafugaji wa mashambani.



Mtu apitaye River Road mjini Nairobi saa ya chakula cha mchana husikia harufu ya nyama ichomwayo, na huona vikombe vya chai ya maziwa vikipita mezani. Ni rahisi kwa mtu huyo kudhani kwamba habari za ng'ombe ni za wafugaji walio mbali, wala yeye hazimhusu. Lakini nyama ile na maziwa yale yametoka katika zizi la mtu fulani, na wako wazee ambao babu zao waliyaona mazizi yakibaki matupu kwa muda wa siku chache tu. Maradhi yaliyowatia umaskini yaliitwa sotoka. Tena kazi kubwa ya kuyakomesha ilifanywa si mbali na River Road: ilifanywa Kabete, upande wa magharibi wa mji, na Muguga, mwendo wa kilomita 27 hivi kutoka Nairobi.

MSIBA WA ZAMANI

Sotoka iliingia katika pembe ya Afrika karibu na mwaka wa 1887. Inaaminiwa kwamba ililetwa na ng'ombe waliopitishwa bandari ya Massawa kwa ajili ya jeshi la Waitalia. Kutoka hapo ilishuka kusini kama moto katika nyasi kavu. Kufika mwaka wa 1891 ilikuwa imekwisha kupita katika nchi ya Wamaasai, na mwaka wa 1896 ilivuka mto Zambezi. Mahali pengi ng'ombe tisa katika kila kumi walikufa. Nyati nao walikufa kwa wingi porini.

Ng'ombe aliyeshikwa na sotoka alipata homa kali, macho na pua zikatoka maji mazito, kinywa kikajaa vidonda, kisha akahara mpaka nguvu zikamwishia. Wengi hawakumaliza siku kumi. Basi mtu aliyekuwa tajiri mwanzo wa mwezi alikuwa mwombaji mwisho wake. Wamaasai, ambao katika miaka hiyo hiyo walipatwa na ndui na njaa, waliuita wakati ule Emutai, maana yake kumalizika kabisa.

DAWA ZA KWANZA

Kidudu kiletacho sotoka ni cha namna iitwayo virusi. Ni kidogo mno, hakionekani kwa darubini ya kawaida, wala hakiwezi kuongezeka ila ndani ya chembe zilizo hai. Ni ndugu wa kidudu cha surua, ugonjwa unaojulikana na kila mama.

Mnyama aliyeugua sotoka akapona hakuugua tena maisha yake yote. Jambo hilo liliwapa wataalamu tumaini. Walitafuta njia ya kumpa ng'ombe ugonjwa mdogo ili aepukane na ule mkubwa. Walikipitisha kidudu katika miili ya mbuzi mara nyingi, mpaka ukali wake ukapungua, na dawa hiyo ya mbuzi ilitengenezwa Kabete pia. Iliokoa ng'ombe wengi, lakini ilikuwa na kasoro: ng'ombe wa aina nyingine, hasa waliokuwa dhaifu, waliugua vibaya kwa sababu ya sindano yenyewe, na wengine wakafa. Mfugaji aliyeona ng'ombe wake akifa baada ya kudungwa sindano hakuwa mpumbavu akikataa kuwaleta wengine.

KAZI YA MUGUGA

Bwana Plowright alizaliwa Uingereza mwaka wa 1923. Aliiona Kenya mara ya kwanza akiwa daktari wa mifugo katika jeshi, akarudi mwaka wa 1950 kufanya kazi Kabete. Baadaye alikwenda Nigeria, kisha mwaka wa 1956 akaja Muguga, katika shirika la utafiti wa mifugo lililohudumia nchi zote za Afrika ya Mashariki.

Hapo, pamoja na mwenzake Bwana R. D. Ferris, alishika njia nyingine. Badala ya kutumia mbuzi mzima, walichukua figo za ndama, wakazitenganisha chembe zake, wakazilisha na kuzikuza ndani ya chupa. Katika chembe hizo walitia kidudu cha sotoka kilichopatikana Kabete mwaka wa 1910 na kutunzwa tangu hapo. Kilipoongezeka walikihamishia chupa nyingine, kisha nyingine tena, na kila baada ya hatua kadhaa wakakijaribu juu ya ng'ombe ili wajue kimefika wapi. Kazi hiyo ilitaka saburi na usafi mkubwa, kwa kuwa uchafu kidogo waweza kuharibu chupa zote.

Baada ya kuhamishwa mara 90 na zaidi, kidudu kilikuwa kimesahau ukali wake. Ng'ombe aliyedungwa hakuugua, hata akiwa na mimba, hata akiwa wa aina iliyo dhaifu. Hakuwaambukiza wenziwe. Lakini mwili wake ulikuwa umekwisha kujifunza kumtambua adui, na sindano moja ilimtosha kwa maisha yake. Zaidi ya hayo, chembe za figo za ndama mmoja ziliweza kutoa dawa ya ng'ombe wengi sana, kwa hiyo bei ilikuwa ndogo. Habari za chanjo hiyo zilitangazwa kwa wataalamu wa dunia mwaka wa 1962.

Bwana Plowright alichunguza pia kwa nini ndama wengine waliochanjwa hawakupata kinga. Aligundua kwamba kinga wanayoinyonya katika maziwa ya kwanza ya mama huiua chanjo, na hudumu miezi kadhaa. Kwa sababu hiyo ndama aliyechanjwa mapema mno yapasa achanjwe tena. Hivyo daktari aliyerudi mwaka wa pili hakuwa akipoteza wakati wa watu.

WAFUGAJI WALIJUA

Isidhaniwe kwamba elimu yote ilitoka katika chupa. Tangu zamani Wamaasai walikuwa wakiwaondoa ng'ombe wao katika mbuga nyumbu wanapozaa, wakisema kwamba hapo pana maradhi yauayo. Mwaka wa 1960 Bwana Plowright na wenzake walitoa ushahidi: walikipata kidudu cha maradhi hayo ndani ya nyumbu, ambao hukaa nacho bila kudhurika. Ndama wa nyumbu ndio hasa wanaokisambaza. Neno la wazee lilikuwa la kweli.

VITA VYA MIAKA MINGI

Tangu mwaka wa 1962 hadi 1976 nchi nyingi za Afrika ziliungana kuchanja ng'ombe, na sotoka ikakaribia kwisha. Hapo watu wakalegea. Fedha zilipungua, ng'ombe wapya hawakuchanjwa, na vidudu vilikuwa bado vimejificha katika pembe chache. Miaka ya 1980 sotoka ilitoka tena na kuua ng'ombe wengi sana, hasa katika Nigeria. Ilibidi kazi ianzwe upya.

Shida moja ilikuwa joto. Chanjo ya Muguga ilihitaji baridi, na barafu haifiki kirahisi Karamoja, wala nchi ya Waafar, wala Sudani ya Kusini. Mmarekani mmoja, Bwana Jeffrey Mariner, alibuni njia ya kuikausha chanjo hiyo hiyo hata ikaweza kukaa karibu mwezi mzima bila barafu. Ndipo vijana wafugaji, waliochaguliwa na watu wao wenyewe, walipofundishwa kuchanja. Waliichukua dawa kwa miguu hadi mahali ambapo motokaa haifiki, na wenye ng'ombe waliwaamini kwa sababu waliwajua.

Katika Kenya adui alionekana tena miaka ya 1990 kati ya nyati wa Tsavo, na mwaka wa 1996 akaingia hata hifadhi ya wanyama ya Nairobi, kando ya mji wenyewe. Mara ya mwisho kabisa alionekana mwaka wa 2001, kati ya nyati wa Meru. Tarehe 28 Juni 2011, mjini Roma, mataifa yalitangaza kwamba sotoka imekwisha duniani. Kabla yake ni ndui peke yake, katika maradhi yote, iliyowahi kukomeshwa hivyo. Bwana Plowright, aliyepewa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka wa 1999, hakuisikia habari hiyo. Alifariki mwezi wa Februari 2010.

FUNZO LAKE

Faida haikuwa ya ng'ombe tu. Katika Serengeti nyumbu walikuwa kama 250,000 mwanzoni mwa miaka ya 1960. Sotoka ilipoondoka waliongezeka kupita milioni moja kabla ya mwisho wa miaka ya 1970.

Lakini ndugu wa sotoka bado yuko, naye huua mbuzi na kondoo. Aliingia Kenya mwaka wa 2006 na kuzimaliza mali za wengi katika nchi kavu za kaskazini. Chanjo yake ipo, nayo ni nzuri. Dalili zake hufanana na zile za zamani: homa, maji ya macho na pua, vidonda vya kinywa, na kuhara. Anayeziona na kumpeleka mnyama sokoni upesi kabla hajafa, amempelekea jirani msiba pamoja na mbuzi. Afadhali atoe habari kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo, na awatenge walio wagonjwa na wazima.

Sotoka haikushindwa na mtu mmoja. Ilishindwa na mtaalamu aliyehamisha chupa mara 90 bila kuchoka, na kijana aliyebeba dawa kwa miguu, na mfugaji aliyekubali kuwaleta ng'ombe wake. Mmoja wao asingalikuwapo, adui angalikuwa hai hata leo. Wahenga walisema: mficha maradhi, kifo humfichua.