Kamera Imeona, Lakini Imeona Saa Ngapi?

(Haya ni maneno yaliyotolewa na mratibu wa miradi wa dayosisi katika semina ya usuluhishi kwa wenyeviti wa mitaa, wajumbe wa mabaraza ya kata na wazee wa usharika. Yamefupishwa kidogo.)



Mada niliyopewa ni matumizi ya kamera za nyumbani katika kusuluhisha malalamiko ya majirani kuhusu mbwa wanaobweka. Najua wapo waliotabasamu waliposoma ratiba. Lakini wenyeviti wa mitaa hawakutabasamu, maana wao wanajua kwamba kesi ya mbwa huanza na mbwa, kisha ikaishia kwa watu kunyimana salamu, kufungiana njia, na hata kugoma kuzikana.

Badala ya kuanza na nadharia, nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Nyumbani kwangu tuna mbwa mmoja. Baada ya wezi kuingia mtaani kwetu tulimnunulia mnyororo, tukamfunga usiku chini ya mparachichi ulio kwenye kona ya uwanja. Tukaweka pia kamera mbili za ulinzi, zile ambazo picha zake unaziona kwenye simu. Upande wa pili wa ukuta wetu anaishi mama mmoja, mwalimu mstaafu. Mume wake alikuwa ametoka hospitali baada ya kupata kiharusi.

Mama huyu alinifuata mara mbili. Mara ya kwanza alisema, "Mwanangu, huyo mbwa hatupi usingizi, na mzee wangu akishtuka usiku halali tena hadi asubuhi." Nikamjibu, "Pole mama, tutamwangalia." Sikumwangalia. Mara ya pili nilimjibu hivyo hivyo. Mara ya tatu hakuja kwangu. Alipeleka barua kwa mwenyekiti wa mtaa, pamoja na daftari alimokuwa ameandika siku 11 mfululizo. Katika kila siku aliandika kwamba mbwa alibweka kuanzia saa 8 hadi saa 9 na zaidi.

Nilikasirika. Nilijiuliza kwa nini anipeleke ofisini kwa ajili ya mbwa. Kisha nikakumbuka kamera, nikasema moyoni, huyu mama leo ataumbuka. Nilimwomba kijana wetu mmoja pale nyumbani atafute kwenye kamera saa zilizoandikwa kwenye daftari. Akazitafuta zote. Siku zote 11 mbwa alikuwa amelala, mkia chini ya pua, wala hainui kichwa.

Tulikutana ofisini kwa mwenyekiti, tukiwa watu 6. Niliweka simu mezani, tukatazama. Mbwa kimya. Mwenyekiti akamgeukia yule mama akasema, "Mwalimu, kamera haina jirani wala shemeji. Unasemaje?" Mama akaomba simu, akaisogeza karibu na miwani yake, akatazama kwa muda mrefu. Halafu akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, hapa naona taa ya jikoni kwako inawaka, na watoto wanapita na sahani. Kwenu watoto huosha vyombo saa nane za usiku?"

Ndugu zangu, pale ndipo niliposoma namba zilizoandikwa kwenye kona ya picha: 20:00. Kijana aliona "saa 8 usiku" kwenye daftari, akatafuta kwenye simu saa 8 ya jioni ya Kizungu, ambayo kwetu ni saa 2 usiku. Mama alikuwa akisema saa 8 usiku kama Mswahili yeyote anavyosema, ambayo kwenye kamera ni 02:00. Tulikuwa tumepishana kwa saa 6 kamili. Tulipofungua saa yenyewe, mbwa alikuwa amesimama, mnyororo umekazana, anabweka kuelekea barabarani. Usiku wa kwanza hivyo, wa pili hivyo, wa tatu hivyo. Mwenyekiti alifunga simu kabla hatujafika usiku wa nne.

Nina shahada, na ratiba za kazi naziandika kila siku. Kama namba zile zingekuwa zinanihukumu mimi, ningezikagua mara tatu. Kwa kuwa zilinipendelea, sikuzikagua hata mara moja. Nilikuwa tayari kumfanya mwalimu wa watu aonekane mwongo katika ofisi ya mtaa wake mwenyewe.

Kutokana na kisa hiki naomba niwaachie mambo manne.

Kwanza, saa. Kabla ya kutazama picha yoyote, pande zote mbili zikubaliane ni saa ipi inayozungumzwa, na iandikwe kwa namna zote mbili: saa 8 usiku, yaani 02:00. Kisha ikaguliwe saa ya kamera yenyewe. Kamera nyingine hufungwa zikiwa bado na saa za nchi nyingine, na umeme ukikatika zipo zinazopoteza saa kabisa. Ilinganisheni na saa ya simu mbele ya wote.

Pili, mipaka ya kamera. Kamera nyingi za nyumbani hazirekodi muda wote. Huanza kurekodi pale kitu kinapotembea mbele yake. Mbwa anayebweka akiwa nje ya picha huenda asiiamshe kamera kabisa. Nyingine hazina kinasa sauti, kwa hiyo mtaona mdomo unafunguka bila kusikia kitu. Tena kadi ya kumbukumbu ikijaa, picha mpya hufuta za zamani. Mlalamikiwa akisema "kamera haionyeshi kitu", mwulizeni: ilikuwa inarekodi wakati huo? Inasikia? Inaangalia upande gani? Na msikubali kuletewa kipande cha dakika 2 alichokichagua mwenye kamera. Tazameni usiku mzima, au angalau saa zote zilizolalamikiwa.

Tatu, na hili linaniuma zaidi, faragha. Katika picha zile za saa 2 usiku, kona ya juu ilionyesha uwanja wa jirani yangu. Watu 6 ofisini tulimwona mume wake akishikiliwa mabega, shuka kiunoni, akirudishwa ndani kutoka chooni. Mama hakusema neno mbele ya watu. Tulipofika nyumbani alisimama kwenye geti lake akasema, "Ile kamera yako, mwanangu, igeuze." Sijawahi kuona aibu kama ile.

Katiba yetu ya mwaka 1977, katika ibara ya 16, inalinda maisha binafsi ya mtu, familia yake na unyumba wake. Tunayo pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Wenzetu wa nje wamekwisha kulifikisha jambo hili mahakamani. Mwaka 2014 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kesi iliyotoka Jamhuri ya Cheki. Mtu mmoja alikuwa amefunga kamera nyumbani kwake baada ya nyumba yake kushambuliwa, na kamera ilirekodi pia barabara ya watu wote. Mahakama ilisema kwamba kamera ya namna hiyo si jambo la ndani ya nyumba peke yake. Mwaka 2021 mahakama ya Oxford, Uingereza, ilisikiliza ugomvi wa majirani wawili kuhusu kamera za mlangoni. Hakimu aliona kwamba vinasa sauti vyake vilifika mbali kuliko picha, na kwamba umbali huo haukuwa wa haki.

Maamuzi hayo si sheria hapa kwetu, lakini yanatufundisha kitu. Katika kesi ya mbwa tunachotafuta ni sauti. Na kinasa sauti kinachosikia mbwa wa jirani kinasikia pia mazungumzo ya jirani, magonjwa yake na madeni yake. Kwa hiyo kamera iangalie uwanja wa mwenyewe. Anayelalamika anaweza kurekodi kwa simu akiwa chumbani kwake kwa dakika chache, maana kelele zinamfuata pale. Na picha zikishatumika kusuluhisha zifutwe, zisirushwe kwenye makundi ya simu.

Nne, kamera isichukue nafasi ya mazungumzo. Mabaraza ya Kata yalipoundwa kwa sheria ya mwaka 1985, kazi ya kwanza yaliyopewa ilikuwa kuleta amani kwa kupatanisha. Ushahidi uliotangulia katika kesi yangu ulikuwa mama kugonga mlango wangu mara mbili. Kama ningemsikiliza, nisingehitaji kamera. Hata daftari lake lilikuwa ushahidi bora kuliko simu yangu, kwa sababu lilieleza mbwa anabweka lini, kwa muda gani, na nani anaumia.

Na baada ya yote, mbwa naye aulizwe kwa nini anabweka. Wetu alikuwa na sababu. Mnyororo ulikuwa mfupi, maji yalikuwa yameisha, na mahali pale alisikia kila mpita njia asiweze kumwendea. Nilipopima kwa hatua, kutoka kwenye mparachichi hadi dirisha la chumba changu nilihesabu hatua 31. Hadi dirisha la mgonjwa, hatua 5. Nilikuwa nimemweka mbali na usingizi wangu, nikamweka kwenye usingizi wa mwenzangu.

Tulijenga banda upande wetu, chini ya dirisha langu. Sasa anakula jioni, anawekewa maji, na usiku anafunguliwa ndani ya uzio badala ya kufungwa. Chanjo ya kichaa cha mbwa amepata. Wiki ya kwanza mimi na mama watoto hatukulala vizuri, na nadhani tulistahili. Bado hubweka mara mojamoja, maana ni mbwa. Lakini daftari la mwalimu halijaandikwa tena, na mzee wake sasa huota jua asubuhi uwanjani kwao bila kuonekana na kamera ya mtu.

Ndugu wajumbe, mtaletewa simu nyingi mezani miaka ijayo. Zipokeeni, mzitazame vizuri, muulize saa. Lakini kabla ya kumhukumu mtu, nendeni mkasimame kwenye dirisha la anayelalamika, usiku, saa ile aliyoisema yeye.