Inchi na Milimita: Bolti Ndogo, Hasara Kubwa

(Hotuba iliyotolewa na mmoja wa wahitimu mbele ya wahitimu wenzake, walimu na wanafunzi, siku ya mkutano wa mwaka)

Siku kama ya leo mmezoea kusikia hotuba juu ya nidhamu, juhudi na faida za elimu. Hayo yote ni kweli, na yamesemwa vizuri na wengine. Mimi nimeomba ruhusa ya kuzungumza juu ya nati na bolti.

Msicheke. Kazi yangu serikalini ni kusimamia magari ya idara, na hati zote za matengenezo hupita mezani kwangu. Katika hati hizo nimeona jambo moja likijirudia: bolti iliyokatika, nati iliyoviringika kichwa, hesi iliyoliwa. Mara nyingi chanzo si ubovu wa gari wala uzembe wa dereva. Chanzo ni mtu kuchanganya vipimo viwili ambavyo havipatani, yaani inchi na milimita.

Kwanza tutazame asili yake. Mwaka 1841 Mwingereza Joseph Whitworth alipendekeza bolti zote za nchi yake ziwe na hesi za namna moja, zenye pembe ya digrii 55. Kabla ya hapo kila karakana ilikata hesi zake ilivyopenda. Mwaka 1864 Mmarekani William Sellers akapendekeza hesi za digrii 60 kwa nchi yake. Basi mataifa mawili yaliyotumia inchi ile ile yakawa na bolti zisizoingiliana. Katika Vita Kuu ya Pili yalipigana upande mmoja huku nati zao zikikataana, na mwaka 1948 Uingereza, Marekani na Kanada zikakubaliana hesi moja ya pamoja. Wakati huo huo nchi nyingi za bara la Ulaya, na baadaye Japani, zilikuwa zikifuata milimita.

Sisi tulirithi mambo haya pamoja na magari. Land Rover, Bedford, Leyland na Austin zilikuja na inchi zake. Baadaye zikaja Toyota, Nissan na Isuzu na milimita zake. Leo karibu kila gari jipya linaloingia nchini limefungwa kwa milimita. Lakini inchi haijafa. Ipo katika Land Rover za zamani, ipo katika matrekta ya zamani ya Massey Ferguson yanayolima hadi leo, na ipo chini ya kila benchi la fundi, katika lile kopo la bolti za kila aina. Kopo hilo ndilo adui ninayetaka kumzungumzia.

Tuanze na spana. Inchi moja ni milimita 25.4 kamili. Kwa hiyo robo tatu ya inchi ni milimita 19.05, na spana ya 19 huweza kushika kichwa hicho bila matata makubwa. Nusu inchi ni milimita 12.7. Spana ya 13 huingia, lakini inacheza kidogo. Inchi tatu juu ya nane ni milimita 9.5, na fundi anayeishika kwa spana ya 10 anacheza kamari. Bolti ikiwa na kutu, spana itateleza, pembe za kichwa zitaviringika, na kazi ya dakika tano itakuwa kazi ya patasi na nyundo hadi jioni. Ile spana ya zamani ya Whitworth ndiyo huwachanganya vijana zaidi, kwa sababu namba yake hutaja unene wa bolti, si upana wa kichwa. Iliyoandikwa nusu inchi ina mdomo wa zaidi ya milimita 23.

Tena, hata wenye milimita hawakukubaliana. Bolti yenye unene wa milimita 8 katika gari la Kijapani kwa kawaida ina kichwa cha 12, na katika gari la Kijerumani kichwa cha 13. Ndiyo maana fundi wa Toyota huishi kwa spana za 10, 12, 14 na 17, na fundi wa Mercedes hawezi kutoka bila ya 13.

Spana ikikosewa, hasara ni kichwa cha bolti. Hesi ikikosewa, hasara inaweza kuwa mtu. Nasema hesi, yaani yale meno yanayozunguka mwili wa bolti, ambayo mafundi wengi huyaita uzi. Bolti ya inchi tano juu ya kumi na sita ina unene wa milimita 7.9, na ya milimita 8 ni 8. Kwa macho ni mapacha. Lakini meno yao hayalingani. Ukiifunga moja katika nati ya nyingine, itaingia mizunguko michache kisha itagoma. Fundi mwenye haraka huongeza nguvu, na chuma hukata chuma.

Jambo hili hutokea hata ndani ya milimita zenyewe. Nati za magurudumu za magari mengi madogo ya Toyota na za Nissan nyingi ni za milimita 12, na soketi moja huzifungua zote. Lakini meno ya Toyota yameachana kwa milimita 1.5, ya Nissan kwa 1.25. Dereva aliyepoteza nati njiani akaazimwa ya jirani, huikaza mpaka anasikia imebana. Kumbe kilichobana ni hesi, na gurudumu bado halijakamatwa. Barabara ndiyo itakayomweleza, naye akiwa na abiria.

Kuna pia nguvu ya kukaza. Nati za magurudumu za Corolla nyingi hukazwa kwa Nyutoni-mita 103, sawa na futi-pauni 76. Mtu akiiona 103 akaisoma kama futi-pauni, atakaza hadi karibu Nyutoni-mita 140, na kuivuta bolti kupita kiasi. Na msisahau kusoma kichwa cha bolti. Bolti za milimita huandikwa 8.8, 10.9 au 12.9, na namba ikipanda nguvu hupanda. Bolti nyingi za inchi za Kimarekani huwekwa mistari: mitatu kwa daraja la 5, sita kwa daraja la 8. Bolti isiyo na alama yoyote isifungwe kwenye breki wala usukani.

Wapo watakaosema haya ni mambo ya gereji za vichochoroni. Tarehe 10 Juni 1990 ndege ya British Airways iliruka Birmingham kwenda Málaga. Kioo cha mbele upande wa rubani kilikuwa kimebadilishwa siku iliyotangulia. Kati ya bolti zake 90, bolti 84 zilikuwa nyembamba kuliko inavyotakiwa, kwa tofauti isiyofika milimita moja. Zilichaguliwa kwa kuzilinganisha kwa macho na bolti za zamani. Ndege ilipopanda kufikia kama futi 17,000, kioo kiling'oka na rubani akavutwa nje nusu mwili. Wenzake walimshikilia, rubani msaidizi akatua Southampton, na kwa bahati kubwa wote walipona. Bolti zile zote zilikuwa za inchi. Kwa hiyo kosa si la inchi wala la milimita. Kosa ni kupima kwa macho.

Ndugu zangu, nina maombi matatu.

Kwanza, kwa wanafunzi: mkifundishwa kalipa na mikromita katika maabara, msiihesabu kuwa ni ya mtihani tu. Anayejua kupima unene wa bolti na nafasi ya meno yake ana ujuzi unaookoa maisha.

Pili, kwa wahitimu wenye magari na gereji: tenganisheni makopo. Inchi peke yake, milimita peke yake, na isiyojulikana iuzwe chuma chakavu. Bolti yoyote ianze kuingizwa kwa vidole; ikigoma, itolewe na kupimwa, isilazimishwe.

Tatu, kwa chama chetu: kila mwaka tunachangia zawadi kwa shule. Napendekeza mwaka huu tununue seti moja kamili ya spana za milimita, moja ya inchi, kalipa na geji za hesi, viwekwe katika karakana ya shule. Mimi nitaanza kuchangia leo kabla ya kuondoka.

Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wetu una upana wa sehemu ya milimita, na tayari tunazo njia za kuupima.