Sukari Iliyomo Katika Matunda: Je, Ni Adui wa Mlaji?

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wakazi wa Kata ya Bungu, Wilaya ya Kibiti)



Tumekuja kwa ajili ya swali moja ambalo walaji hutuuliza mara kwa mara, hasa maembe yanapoanza kuiva: je, sukari iliyomo katika matunda inadhuru afya? Wapo wanaouliza kwa udadisi tu. Wapo pia wanaouliza kwa sababu nyumbani mwao mna mgonjwa wa kisukari aliyekatazwa na jirani, au na mtu aliyesoma jambo kwenye simu, asiguse embe, chungwa, ndizi wala papai. Mgonjwa huyo huketi chini ya mwembe alioupanda kwa mikono yake, akawatazama wajukuu wakila.

Jibu letu tunalitoa mapema, ili asiyeweza kukaa hadi mwisho aondoke nalo. Tunda zima, likiliwa kwa kutafunwa na kwa kiasi, si adui wa afya. Kwa wagonjwa wengi wa kisukari tunda halikatazwi, bali hupimwa. Kinachostahili kuogopwa ni sukari tunayoiongeza sisi wenyewe, pamoja na tunda lililogeuzwa kuwa kinywaji.

Sehemu ya tatizo hili imo katika lugha yetu. Sukari ni bidhaa ya dukani, na sukari ni jina la maradhi. Tukisikia kwamba fulani "ana sukari", akili hukimbilia kila kilicho kitamu na kukihukumu, na kila kisicho kitamu hukisamehe. Lakini kisukari ni hali ya mwili kutotengeneza insulini ya kutosha, au kushindwa kuitumia insulini iliyopo, hata glukosi ikarundikana katika damu. Glukosi hiyo haitoki katika vitu vitamu peke yake. Wali, ugali, muhogo, viazi na chapati vyote vina wanga, na wanga ukishasagwa tumboni hugeuka glukosi.

Tunajua kwamba tunayasema haya katika nchi ya mpunga, na hatukuja kumnyang'anya mtu sahani yake. Tunaomba tu hesabu ifanywe kwa haki. Wali uliopikwa, wenye uzito wa gramu 300, ambao kwa wengi wetu si sahani kubwa, una wanga wa zaidi ya gramu 80. Nyama ya embe bivu yenye uzito wa gramu 100, yaani kipande kinachoenea vizuri kiganjani, ina wanga wa gramu 15 hivi, na karibu wote ni sukari. Sasa tumwangalie mgonjwa aliyeliacha embe kwa hofu, kisha akaongezewa wali mara ya pili kwa kuwa "wali hauna sukari", na baada ya chakula akanywa chai ya vijiko vitatu. Mgonjwa huyo amejinyima kilicho kidogo na kujiruhusu kilicho kikubwa, na akipimwa siku ya kliniki, embe ndilo litakalolaumiwa ingawa halikuliwa.

Yafaa tuseme kweli yote. Sukari ya tunda, kwa asili yake, si ya namna nyingine. Fruktosi, glukosi na sukrosi zilizomo katika nanasi ndizo hizo hizo zilizomo katika soda. Anayesema kwamba sukari ya matunda ni "ya asili" na kwa hiyo haina neno amekosea kwa upande wake, kama alivyokosea kwa upande mwingine yule anayeyakataza matunda yote. Tofauti iko katika namna sukari hiyo inavyotufikia. Katika tunda zima sukari imefungwa ndani ya chembechembe za tunda, pamoja na maji mengi na makapi-mlo, yaani nyuzinyuzi zisizosagika tumboni. Meno yanafanya kazi, tumbo linajaa, na sukari inaingia katika damu polepole. Katika juisi kazi hiyo yote imekwisha kufanywa na mashine au na kichujio, na sukari inashuka kwa mkupuo mmoja.

Chungwa la hapa kwetu ni mfano mzuri. Muuzaji hulimenya kwa kisu ganda la juu, akalikata kichwa, nasi tukalifyonza maji na kuyatupa makapi. Ni desturi ya siku nyingi na ina utamu wake, ila kwa hakika hiyo ni juisi iliyonyweka bila glasi. Makapi tunayoyatupa ndiyo tuliyopaswa kuyala. Chungwa la wastani lina sukari ya gramu 12 hivi, na glasi moja ya juisi huhitaji machungwa matatu au manne. Ni wachache wanaokaa na kutafuna machungwa manne, nyama na yote, kwa dakika mbili, lakini glasi moja huisha kabla mtu hajaketi vizuri.

Kisha kuna vinywaji vyetu vya asili: mabungo, ukwaju, ubuyu. Matunda haya ni machachu, na uchachu wake huita sukari ya dukani. Tufanye hesabu pamoja. Mama akitia nusu kilo ya sukari katika ndoo ya juisi ya lita 5, ndoo hiyo itatoa glasi 20 za mililita 250, na kila glasi itakuwa na gramu 25 za sukari iliyoongezwa, sawa na vijiko 6 vya chai. Mtoto anayenunua barafu za ubuyu njiani kwenda shule na tena wakati wa kurudi huhesabiwa na mzazi wake kuwa amekula matunda. Tunawasihi kina mama wanaouza vinywaji hivi wajaribu kupunguza sukari kidogo kidogo, wiki baada ya wiki, kwa maana ulimi huzoea, na biashara haitakufa kwa kijiko kimoja.

Gramu hizo 25 hatukuzitaja bure. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwamba sukari huru isizidi asilimia 10 ya nguvu ambayo mtu huipata katika chakula cha siku, na kwamba ingefaa zaidi ishuke chini ya asilimia 5. Kwa mtu mzima wa kawaida asilimia 10 ni kama gramu 50, na asilimia 5 ni kama gramu 25. Sukari huru ni ile inayotiwa katika vyakula na vinywaji, pamoja na asali na pamoja na juisi ya matunda, hata iliyokamuliwa nyumbani bila kutiwa chochote. Sukari iliyomo ndani ya tunda zima bichi au bivu haikuhesabiwa humo. Shirika hilo hilo linatuhimiza kula angalau gramu 400 za matunda na mboga kila siku.

Nasi tuko mbali na kiasi hicho. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 kuhusu magonjwa yasiyoambukiza ulionyesha kwamba zaidi ya watu wazima 95 katika kila 100 hapa Tanzania hawakuwa wakila matunda na mboga za kutosha. Uchunguzi huo pia uliwakuta karibu watu 9 katika kila 100, wa umri wa miaka 25 hadi 64, wakiwa na kiwango cha juu cha sukari katika damu. Katika miaka ya 1980 watafiti waliopima watu katika vijiji sita vya nchi yetu walikuta kisukari kwa chini ya mtu 1 katika kila 100. Tafiti hizo mbili hazikufanywa mahali pamoja wala kwa umri uleule, hivyo hatuzilinganishi kama kilo na kilo. Hata hivyo miembe haikupandwa jana. Kilichoongezeka tangu wakati huo si maembe.

Ushahidi wa nje nao unaelekea huko. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard walichapisha mwaka 2013 matokeo ya kuwafuatilia Wamarekani zaidi ya 187,000 kwa miaka mingi. Waliokula matunda mazima kwa wingi, hasa zabibu, tufaha na matunda madogo ya jamii ya beri, walipata kisukari kidogo kuliko wenzao. Waliokunywa juisi kila siku walikipata zaidi. Mwaka 2017 uchunguzi wa China uliohusu watu wapatao nusu milioni ulionyesha kwamba hata miongoni mwa waliokwisha kuwa na kisukari, waliokula matunda mara kwa mara walikufa kwa uchache kuliko wasiokula. Tafiti za namna hii haziwezi kuthibitisha kwamba tunda ndilo lililowakinga, kwa sababu anayekula matunda huenda ana mazoea mengine mema. Zinatosha, hata hivyo, kuiondoa ile hofu.

Kuhusu bidhaa za dukani tutasema machache. Usalama wa chakula nchini, tangu mwaka 2019, unasimamiwa na Shirika la Viwango Tanzania, TBS, na lebo ya kifungashio ni haki yako wewe mnunuzi. Picha ya embe upande wa mbele haikuambii chochote. Geuza pakiti usome viambato. Huandikwa kwa kufuata uzito, kilicho kingi kikitangulia. Ukiona maji, kisha sukari, ndipo tunda, umeshika maji ya sukari yaliyoonjeshwa embe. Maneno "haikuongezwa sukari" si sawa na "haina sukari". Tazama gramu za sukari kwa kila mililita 100, kisha uzidishe kwa ukubwa wa chupa. Chupa ya mililita 350 iliyoandikwa gramu 10 ina gramu 35, karibu vijiko 9 vya chai.

Sasa mipaka. Embe dodo kubwa si tunda moja kwa maana ya kipimo. Nyama yake yaweza kuwa na sukari ya zaidi ya gramu 40, na mwenye kisukari afadhali aligawe na watu wawili watatu. Fenesi ni tamu kuliko embe, hivyo vitumba vichache vinatosha. Matunda yaliyokaushwa yamepoteza maji na kubaki na sukari yake yote. Tende, zaidi ya nusu ya uzito wake ni sukari: mbili au tatu za kufungulia zatosha, na zisifuatwe na juisi, uji mtamu na chai ya maziwa kwenye mkeka mmoja. Embe bichi kwa chumvi na pilipili lisichukuliwe kuwa dawa, na mwenye shinikizo la damu aiogope ile chumvi. Mabibo, ambayo msimu wa korosho huoza chini ya mikorosho, yana vitamini C nyingi kuliko chungwa na yanastahili kuliwa. Yale yanayochachushwa kwa shughuli nyingine hatuyazungumzii leo.

Wagonjwa wa figo wasiutumie ushauri huu bila kumwuliza daktari, kwa kuwa ndizi, machungwa na madafu yana madini ya potasiamu ambayo figo dhaifu hushindwa kuyatoa. Naye anayetumia insulini akianza kutetemeka, kutoka jasho na kuchanganyikiwa, sukari yake imeshuka mno. Ikiwa bado anaweza kumeza, apewe mara moja glasi ya juisi, au maji yenye vijiko vitatu au vinne vya sukari. Wakati huo kipande cha embe kitachelewa. Asiyeweza kumeza asipewe kitu mdomoni, akimbizwe hospitali.

Mwenye mashine ya kupima nyumbani anaweza kulijua embe lake mwenyewe. Apime kabla ya kula, ale kipande cha kiganja mahali pa sehemu ya wali wa siku hiyo, wala si juu yake, kisha apime tena baada ya saa mbili. Namba zote mbili aziandike na kuzipeleka kliniki. Miili haifanani, na mhudumu wa kliniki akiziona namba hizo ataweza kumwambia kama kipande hicho kiongezwe, kipunguzwe au kibaki kama kilivyo.