Darasa la Kiingereza la Watu Wazima, Mbezi Luis

Maneno yaliyosemwa na mwanachama mmoja katika mkutano wa wanachama na makarani



Nimeombwa nieleze habari za darasa letu la Kiingereza kwa watu wazima, ambalo twalifundisha kwa kujitolea bila ujira. Najua kwamba baadhi yenu mmekwisha azimia lifungwe. Basi naomba mnisikilize kwanza, kisha mwamue.

Nitaanza na kosa langu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita jirani yangu mmoja, mama auzaye chakula kando ya barabara ya Morogoro, alinijia jioni na karatasi ya mkopo. Mama huyu si mtu asiyejua kusoma. Alimaliza darasa la saba, na gazeti la Kiswahili hulisoma upesi kunishinda mimi mwenye miwani. Lakini karatasi ile ilikuwa ya Kiingereza kitupu, kurasa nne, naye akaona kwamba mimi ni karani niliyeshika kalamu miaka thelathini, sitampoteza. Nami nilikuwa nimechoka, na chakula kimekwisha pakuliwa. Nikaitazama juu juu, nikamjazia jina lake, nikamwambia, "Mama, tia sahihi hapa, na hapa." Akatia.

Alikuwa akikopa shilingi 300,000 kwa miezi 6, na riba imeandikwa asilimia 10. Yeye alihesabu kwamba atarudisha 330,000. Mimi sikuhesabu kitu. Baada ya ile asilimia 10 palikuwa na maneno mawili madogo, "per month", maana yake kila mwezi. Deni likawa 480,000. Mwezi wa tano alishindwa kulipa, na cherehani aliyoiweka rehani ikachukuliwa.

Waliomkopesha siwataji wala siwashitaki mbele yenu, kwa kuwa maneno yale yalikuwamo katika karatasi. Aliyejua kuyasoma akayapita ni mimi. Hilo ndilo lililonitoa nyumbani nikaja kuomba funguo za chumba cha darasa.

Wako wenzetu wasemao kwamba kufundisha Kiingereza ni kukidharau Kiswahili, na kwamba yatupasa kudai hati zote ziandikwe kwa lugha yetu. Maneno haya si ya kupuuzwa. Nchi hii ina sababu ya kujivunia Kiswahili katika jambo hili hasa. Mwaka 1967 kiasi cha watu wazima wawili katika kila watatu hawakujua kusoma. Mwalimu Nyerere akautangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, mwaka 1975 ikaundwa kwa sheria Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, na kufika mwaka 1986 hesabu za serikali zilisema asiyejua kusoma ni chini ya mmoja katika kumi. Kazi ile ilifanywa kwa Kiswahili, na sehemu kubwa ilibebwa na walimu wa kujitolea kama sisi. Nadhani ingalifanywa kwa Kiingereza isingalifika popote. Kwa hiyo hata darasani kwetu, ajaye hajui herufi twamwanzisha kwa Kiswahili, na Kiingereza hakiguswi mpaka asome barua ya nduguye bila kusaidiwa.

Kadhalika mwaka 2021 Bunge lilibadili sheria, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama. Nilifurahi sana. Lakini sheria ile haikuifikia karatasi ya jirani yangu, wala haiandiki maneno ya juu ya boksi la dawa itokayo nchi za mbali. Mtoto naye akiingia sekondari huja na madaftari ya Kiingereza, na mzazi hawezi kujua kama mwanawe amesoma au amechora tu. Tudai hati za Kiswahili, nami nitakuwa wa kwanza kutia sahihi. Ila mgonjwa ameza vidonge usiku wa leo.

Sasa niwaambie jinsi kazi ilivyo, kwa maana wengi hamjaingia darasani. Shida ya kwanza ni kwamba mwanafunzi wetu ajua kusoma mno. Kiswahili kimemfundisha kwamba kila herufi hutamkwa, nayo haimdanganyi. Akiliona neno "pale" la Kiingereza asoma pale, penye mti. Akiliona "wake" asoma wake zake. Na "mate" ni mate ya kinywani. Si ujinga, ni kusoma sawasawa kwa lugha isiyo yake. Alhamisi moja kijana wetu, karani hodari, alicheka mzee mmoja aliposoma hivyo. Mzee huyo ni mchukuzi wa mizigo katika kituo kikubwa cha mabasi kilichofunguliwa hapa mwaka 2021. Hakusema neno. Alikunja daftari lake akalitia mfukoni, akakaa mpaka saa ya kuondoka kwa adabu, wala hatujamwona tena. Tangu siku ile nimeomba kwamba mwalimu kijana aamkie shikamoo kwanza, moja moja, ndipo ashike chaki.

Shida ya pili ni saa. Tiketi imeandikwa 6:00 AM, nasi twasema saa kumi na mbili alfajiri. Wengi wenye saa za mkononi wamezoea, lakini mama mmoja aliyetoka shamba kumtazama bintiye aliisoma tarakimu kama ilivyo, akaja kituoni saa sita mchana na kuku wake wawili kapuni. Basi lilikuwa limekwisha kwenda zamani. Tulifanya somo zima juu ya jambo hilo, nalo ndilo somo lililopendwa kuliko yote, maana kila mtu alikuwa na kisa chake. Sarufi hupendwa kidogo sana, nami sishangai.

Sasa nifike penye ugomvi. Bwana Katibu amewasomea kwamba tulianza na wanafunzi 23 na sasa wamebaki 9, na kwamba watu hawana haja ya elimu. Hesabu yake ni kweli. Lakini daftari lile lina ukurasa wa nyuma ambao hakuusoma, nao ni wa mahudhurio ya walimu. Katika Alhamisi 12 zilizopita, mara 5 mwalimu wa zamu hakuja, au alikuja watu wamekwisha ondoka. Mimi mwenyewe ni mmoja wa hao, mara moja, kwa sababu ya mvua. Wauza chakula wale hufunga biashara saa ambayo wafanyakazi hurudi na njaa, hupoteza fedha ya jioni ile, huja, hukuta mlango una kufuli. Mtu akifanyiwa hivyo mara mbili hana haja ya kuja mara ya tatu, wala si haki kumwandika mvivu.

Mniulize kama jirani yangu yumo darasani. Hayumo. Nilimwalika, akanijibu kwa upole kwamba hana nafasi, na bado hunisalimu kila asubuhi. Sikumwuliza tena.

Ninaloomba ni kwamba darasa liendelee miezi 3 zaidi, na zamu wapewe watu wawili wawili, ili mmoja akishikwa na kazi mwingine afungue. Nahitaji majina 6 tu. Atakayekubali anijie baada ya mkutano huu. Saa ya kuanza ni kumi na moja na nusu jioni, na ufunguo wa pili nimekwisha uchongesha.