Shahawa Si Mbegu Tu

Leo mna neno refu la kuandika: prostaglandini. Lisomeni polepole: pros-ta-gla-ndi-ni.

Katika shahawa, mbegu ni sehemu ndogo sana. Kilichobaki ni maji ya tezi mbalimbali, na humo ndimo ilimo prostaglandini. Mwaka 1930 wataalamu wawili wa New York, Kurzrok na Lieb, walitia shahawa juu ya vipande vya nyama ya mji wa mimba. Mara vilijikaza, mara vikalegea. Mwaka 1935 Ulf von Euler wa Sweden akaipa dawa hiyo ya mwili jina lake, akidhani yatoka katika tezi ya prostati. Alikosea. Nyingi hutoka katika vifuko vya shahawa, jirani na tezi hiyo. Lakini jina lilikwisha kushika.

Prostaglandini huweza kulainisha mlango wa mji wa mimba. Tena, baadhi ya waume wasiozaa wameonekana wanayo kidogo.

Basi wewe bwana uliyekosa mtoto, usimrudishe mkeo kwao. Nguvu za kitandani si ushahidi. Mtu aweza kuwa nazo, na shahawa yake ikawa na upungufu. Nendeni hospitali mpimwe wote wawili. Kipimo cha kawaida hakitafuti prostaglandini. Huhesabu mbegu na kutazama mwendo wake. Kabla ya siku hiyo, kaa siku 2 mpaka 7 bila kutoa shahawa.