Busta ya Mtu Mmoja, Mnara wa Kijiji Kizima



Kila uingiapo msimu wa korosho, na chama kikuu cha ushirika cha RUNALI, kinachowaunganisha wakulima wa Ruangwa, Nachingwea na Liwale, kikafungua minada yake, mkulima wa kijiji cha Mandawa ambaye nyumba yake imekaa bondeni hulazimika kutoka nje na kupanda mlimani kutafuta mtandao, kwa kuwa habari za bei, za malipo na za mwanawe aliyeko Dar es Salaam zote hupita katika simu. Haja hiyo ndiyo iliyovifungulia soko vile visanduku vya kukuza mawimbi ambavyo wauzaji huviita busta, na ambavyo hununuliwa kwa fedha za jasho bila mnunuzi kuelezwa kwamba kuna sheria inayovihusu.

Sheria yenyewe ni ile ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, ambayo Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania imepewa dhamana ya kuisimamia. Masafa ya redio hayatumiwi pasipo leseni. Chombo cha mawasiliano sharti kithibitishwe kwanza. Naye aviingizaye nchini na kuvisambaza vyombo hivyo hana budi kuwa na leseni ya kazi hiyo. Basi mtu akiyapokea mawimbi ya kampuni ya simu na kuyarusha tena kwa nguvu bila idhini, anayatumia masafa ambayo mwingine ndiye aliyekabidhiwa, hata kama nia yake ni njema kabisa.

Wala katazo hili si la inda. Busta ina antena mbili, moja juu ya paa inayoelekea mnarani na moja ndani ya nyumba, na kazi yake ni kukuza mawimbi yajayo na yaendayo. Zikikaribiana mno, mawimbi ya antena ya ndani huirudia ile ya nje, yakakuzwa, yakarudi tena, kama kipaza sauti cha harusini kielekezwapo kwenye spika yake kikaanza kupiga mayowe, ila mayowe haya hatuyasikii kwa masikio. Yanausibu mnara, ambao hapo hushindwa kuzipambanua simu dhaifu za watu walio mbali. Aliyenunua busta huona vijiti vya mtandao vimejaa kwenye simu yake, ilhali mjamzito wa kitongoji cha pili anapiga simu kuomba gari la wagonjwa na haipokelewi. Ni madhara yasiyo na alama, na ndiyo maana yanahitaji sheria.

Lakini sheria hiyo ianze kumshika nani? Tukumbuke Juni 16, mwaka 2016, siku zilipozimwa simu bandia nchini kote. Kuzizima kulikuwa haki, hilo silipingi. Hata hivyo aliyebaki na simu iliyokufa mkononi ni yule aliyeinunua dukani kwa nia safi, naye muuzaji fedha zake alikwisha kuzitia mfukoni. Sitaki dhuluma ya namna ile imfikie tena mtu wa Mandawa. Mkulima hana namna ya kujua kama kisanduku kimethibitishwa. Muuzaji anayo, na ni wajibu wake. Kwa hiyo ukaguzi uanzie bandarini na madukani, kabla ya kufika kwenye mapaa ya vijijini.

Wenzetu wamekwisha kulitafakari jambo hili. Marekani, tangu Machi 1, mwaka 2014, busta za nyumbani haziuzwi ila zile zilizoundwa zijipunguze nguvu au zijizime zinapoanza kuudhuru mnara, na mwenye nayo hujiandikisha kwa kampuni yake ya simu. Uingereza nayo, mwaka 2018, iliruhusu baadhi ya aina zitumike bila leseni, maadamu zimetimiza masharti. Naona njia hiyo ina insafu, kwani kumkataza mtu dawa ni rahisi kwa asiyeumwa.

Na dawa iliyo bora ni mnara. Mei 2023 Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote ulitia saini mikataba ya kujenga minara 758 katika kata 713 za nchi yetu, nayo ni kazi ya kupongezwa; lakini watu wa Nachingwea, ambao wazee wao waliiona reli ikiletwa kwa ajili ya mradi wa karanga wa Waingereza, kisha ikang'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960, wana sababu ya kutaka kuuona mnara ukiwaka kabla ya kuushangilia. Kwa hiyo serikali za vijiji ziorodheshe vitongoji visivyoshika mtandao, zipeleke orodha hizo wilayani kwa maandishi, na kudai jibu la maandishi. Kwa sasa, ewe msikilizaji unayefikiria kununua busta, iulize kwanza kampuni yako ya simu, kisha mtake muuzaji akuonyeshe leseni yake na ithibati ya chombo. Akishindwa, rudi na fedha zako.