HOTUBA YA MWENYEKITI: KADI YA KUGUSISHA NA SANDUKU LA KUFULI TATU



Miaka kumi tumekusanya fedha katika sanduku la kufuli tatu. Funguo wanazo mama watatu, na halifunguliwi mpaka wote wawepo. Mwaka huu limekuja shauri kwamba fedha iende benki na kila mama achukue kadi. Wapo waliofurahi, wapo walioogopa. Kwa hiyo leo tunaeleza tulichojifunza.

Kadi hizi si ngeni sana. Wenzetu wanaovuka Magogoni kwenda Kigamboni walishazizoea kwa nauli, zile N-Card. Hong Kong walianza kadi yao ya Octopus mwaka 1997, na London kadi ya Oyster mwaka 2003. Unaisogeza kwenye mashine, inalia, umelipa.

Si uchawi. Ndani ya plastiki mna chipu ndogo na waya mwembamba uliozungushwa pembezoni. Waya huo ndio antena. Kadi haina betri. Mashine inatoa mawimbi, waya unayapokea na kupata umeme kidogo, basi chipu inaamka na kujibu. Ndiyo maana lazima uisogeze karibu, sentimita chache tu.

Tumesikia maneno kwamba mtu akikupita kwenye daladala na mashine mfukoni, amekukomba. Jamani, tusitiane hofu. Chipu ya kadi ya benki hutoa namba mpya kila malipo, hivyo aliyeinasa ya leo hawezi kulipia nayo kesho. Na mashine ya malipo ina akaunti yenye mwenyewe anayejulikana.

Hatari iko kwingine. Malipo madogo mara nyingi hayaulizi namba ya siri. Uingereza walianza na pauni 10 mwaka 2007, na mwaka 2021 wakafika pauni 100. Maana yake, anayeokota kadi yako anaweza kununua vitu kabla hujagundua. Kadi ya nauli ikipotea, umepoteza ulichojaza. Ya benki inagusa akaunti. Sanduku letu lina kufuli tatu. Kadi ina moja, na kwa vitu vidogo haina hata hiyo.

Kwa hiyo kamati inashauri hivi:

Kwanza, fedha ya kikundi isiwe na kadi kabisa. Ikienda benki, itoke kwa saini za mama watatu, kama funguo zetu.

Pili, kadi ya mama ni ya mama. Asimpe mwenye duka akaingia nayo ndani, wala asimtume nayo mtoto. Na baba naye aombe fedha, asiombe kadi!

Tatu, soma kiasi kwenye mashine kabla ya kusogeza kadi. Chukua risiti, andika kwenye daftari.

Nne, ikipotea, pigia benki simu saa hiyo hiyo waifunge. Usingoje kikao.

Asiyetaka kadi asilazimishwe, na anayeitaka asichekwe. Kura tutapiga mkutano mkuu, kila mama moja. Lakini wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kadi ije isije, daftari letu libaki.

Umoja wetu udumu.